Je, wajua kwa nini shaka inayokuja baada ya Hija haiiharibu Hija?

Haji amerudi Moshi, maji ya zamzam yamegawiwa majirani, wageni wa kumpongeza wamekwisha. Miezi mitatu baadaye yuko darsani baada ya Magharibi, sheikh anaeleza tawafu, yaani kuizunguka Al-Kaaba mara 7, na moyo unamshtuka: hivi nilizunguka mara 7 au 6? Udhu ulikuwepo? Usiku huo hapati usingizi.

Wanazuoni wana kanuni moja hapa: yakini haiondolewi na shaka. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba anayehisi kama udhu umemtoka ndani ya swala asitoke mpaka asikie sauti au ahisi harufu. Aliyeiacha Al-Kaaba akiamini amemaliza ameondoka na yakini, na wazo lililozaliwa mtaani Majengo, Moshi, miezi baadaye halina nguvu ya kuivunja. Lau lingekuwa na nguvu hiyo, nani angebaki na Hija? Mizunguko yote hufanana, umati unasukuma, miguu imechoka, na kumbukumbu hufifia kila mwezi.

Wengi huchanganyikiwa kwa sababu shaka ya katikati ya ibada ina hukumu yake. Aliye ndani ya tawafu akisita kati ya mzunguko wa 5 na wa 6, ashike 5 na kuendelea. Vivyo hivyo kwenye sa'yi, yaani mwendo wa mara 7 kati ya vilima vya Safa na Marwa. Hukumu hiyo ni ya pale pale, haisafirishwi hadi Kilimanjaro. Na mwenye wasiwasi wa kila siku, anayerudia udhu mara tatu na takbira mara nne, ndiye wa kwanza kuambiwa apuuze.

Basi swali la kujiuliza ni hili: nakumbuka tukio, au naogopa tu? "Huenda nilikosea" ni shaka, iache. "Nakumbuka nilipita ndani ya Hijr Ismail, kati ya ule ukuta wa nusu duara na Al-Kaaba, ili kufupisha njia" si shaka tena. Sehemu hiyo huhesabiwa kuwa ya Al-Kaaba, kwa hiyo mzunguko huo haukusihi, hata kama hukumu umeijua leo darsani.

Yakini ya kosa ikishapatikana, tazama kilichokosekana ni nini. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi kwetu, nguzo, yaani tendo ambalo bila hilo Hija haitimii, kama tawafu ya Ifadha (ile ya baada ya kutoka Arafa) au sa'yi, haifidiwi kwa kuchinja; hubaki deni mpaka itekelezwe Makka, na bila tawafu hiyo tendo la ndoa bado ni haramu. Kunyoa au kupunguza nywele nako ni nguzo, ila hakuna mahali maalumu wala mwisho wa wakati: aliyesahau kabisa anaweza kupunguza hata kwa kinyozi wa mtaani kwake, angalau nywele tatu.

Wajibu, yaani tendo la lazima lisilofikia nguzo, ni mwepesi zaidi. Aliyeacha vijiwe vitatu au zaidi vya Jamarat, mahali pa kurushia mawe huko Mina, au aliyevuka mikati (mpaka wa kuanzia ihramu) bila kunuia ihramu na asirudi, anadaiwa mbuzi au kondoo mmoja. Asiyeweza hufunga siku 10. Hapa watu hukosea sana: mbuzi wa mnada wa Weruweru hatoshi, hata awe amenona vipi. Huchinjwa ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka, na nyama hupewa maskini wa huko, kwa hiyo mtu wa Moshi humwakilisha mtu mwaminifu aliyeko Makka.

Kabla ya kwenda kwa sheikh, andika tendo lenyewe, siku yake, unachokikumbuka kwa uhakika, na ibada zote ulizofanya baada ya hapo. Hizo za baadaye usizisahau, kwani zinaweza kumaliza jambo lote. Mfano, aliyekuwa na kasoro katika tawafu ya Ifadha kisha akafanya tawafu ya kuaga iliyotimia, kwa Mashafi tawafu hiyo ya kuaga inashika nafasi ya Ifadha anayodaiwa, ingawa hakuikusudia. Kama sa'yi yake ilifuata ile tawafu yenye kasoro, sheikh aambiwe na hilo, kwa sababu sa'yi husihi tu ikitanguliwa na tawafu iliyo sahihi.