Kabla ya kuuliza haki ipi, uliza serikali ipi

Mtu akisema polisi wa Marekani wamemvunjia haki zake za kikatiba, swali la kwanza ninalouliza ni: polisi wa nani? Wa mji? Wa kaunti? Wa jimbo? Au maofisa wa idara ya shirikisho, yaani serikali kuu ya nchi nzima? Wengi huliona kama swali la pembeni, wanataka tufike haraka kwenye upekuzi, kipigo au siku alizolala mahabusu. Lakini jibu lake ndilo linaloamua utamshtaki nani, kwa sheria gani, kwa fomu gani na ndani ya muda gani.

Kwa aliyezoea Katiba ya Kenya ya 2010 jambo hili linachanganya, na ana sababu. Ibara yake ya 20 inasema haki zilizoorodheshwa zinafunga vyombo vyote vya dola na watu wote, basi. Katiba ya Marekani haikuanza hivyo. Marekebisho kumi ya kwanza, yaliyopitishwa 1791, yaliandikwa na watu walioiogopa serikali mpya ya shirikisho, si majimbo yao wenyewe. Ndiyo maana Marekebisho ya Kwanza yanaanza kwa kulitaja Bunge la shirikisho kwamba lisitunge sheria fulani, wala hayagusi mabunge ya majimbo.

Kesi ya gati la Baltimore inaonyesha maana yake. John Barron alikuwa mmoja wa wenye gati bandarini, mahali penye kina kirefu ambapo meli kubwa ziliweza kufunga. Mji ukatengeneza barabara na kuchepusha vijito. Kila mvua iliponyesha, maji yakashusha mchanga na tope hadi mbele ya gati, kina kikapungua mpaka meli zikashindwa kufika. Mahakama ya kwanza ilimpa dola 4,500, mahakama ya rufaa ya jimbo ikamnyang'anya. Akaenda Mahakama ya Juu akitegemea Marekebisho ya Tano, yanayokataza mali ya mtu kuchukuliwa kwa matumizi ya umma bila fidia. Mwaka 1833 Jaji Mkuu John Marshall alimjibu kwamba kifungu hicho kinaifunga serikali ya shirikisho tu. Mji wa Baltimore ni chombo cha jimbo la Maryland, kwa hiyo mahakama hiyo haina la kumsaidia.

Kilichogeuza mambo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe na Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, yanayokataza jimbo kumnyima mtu yeyote uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki wa sheria. Tazama neno lililotumika: mtu, si raia. Mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), mkimbizi na asiye na karatasi wote wamo. Kupitia mlango huo Mahakama ya Juu imekuwa ikihamishia haki za 1791 kwa majimbo, lakini moja moja, kadiri kesi zilivyofika. Kanuni ya kutupilia mbali ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu ilihamishiwa 1961, haki ya kupewa wakili wa bure katika makosa makubwa 1963. Marufuku ya faini zilizopita kiasi ilisubiri hadi 2019, baada ya jimbo la Indiana kutaka kutaifisha gari la Land Rover la dola 42,000 kwa kosa ambalo faini yake ya juu kabisa ilikuwa dola 10,000. Miaka 228 tangu haki hiyo iandikwe! Na sharti kwamba jopo la raia wanaoamua kesi likubaliane wote kabla ya kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa lilihamishiwa mwaka uliofuata, 2020. Haki ya kushtakiwa kwa kosa kubwa kupitia baraza kuu la raia, wanaopima kwanza kama ushahidi unatosha kumshtaki mtu, haijahamishwa hadi leo. Uamuzi wa 1884 bado umesimama, na katika majimbo mengi mwendesha mashtaka anaweza kukufikisha mahakamani kwa hati yake mwenyewe.

Tuje kwenye madai sasa. Aliyekuumiza akiwa askari wa mji, kaunti au jimbo, mlango wako ni Kifungu cha 1983 (hiyo ni namba ya kifungu, si mwaka), sheria ya mwaka 1871 iliyotungwa kupambana na ukatili wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kusini mwa nchi. Inamruhusu mtu kumshtaki yeyote aliyemvunjia haki ya shirikisho akitumia mamlaka ya jimbo. Watu hujikwaa kwenye jina la mshtakiwa. Askari mwenyewe unaweza kumshtaki, ila ana kinga yenye masharti: akionyesha kwamba hakuna uamuzi wa awali ulioweka wazi kuwa alichofanya ni haramu, anaondoka. Mji au kaunti hauna kinga hiyo, lakini hauwajibiki kwa sababu tu umemwajiri askari. Tangu 1978 lazima uonyeshe kwamba madhara yalitokana na sera au desturi ya mji wenyewe. Jimbo lenyewe huwezi kulidai fedha kwa kifungu hiki hata kidogo. Ukitaka jimbo liache jambo fulani, unamshtaki ofisa wake kwa cheo chake na kuomba amri ya kumzuia, njia iliyofunguliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1908.

Sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, naye ana mtego wake. Anachaguliwa na watu wa kaunti na analipwa na kaunti, kwa hiyo mtu anaandika kaunti kama mshtakiwa bila kufikiri mara mbili. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua kwamba huko Alabama sherifu anapotekeleza sheria anafanya kazi ya jimbo, si ya kaunti, na mdai akabaki bila wa kumlipa kwa upande huo. Jimbo jirani linaweza kuwa na jibu tofauti. Soma katiba na sheria za jimbo husika kabla ya kuandika jina.

Muda pia haulingani. Kifungu cha 1983 hakina ukomo wake. Kinaazima ule wa madai ya majeraha katika jimbo ambamo jambo lilitokea. Kentucky na Tennessee ni mwaka 1. Texas ni miaka 2, New York 3. Mkongo wa Louisville, Kentucky, akimsikiliza ndugu yake wa Houston, Texas, anayemwambia una miaka miwili, ameshapoteza kesi. Na ukitaka kuongeza madai ya sheria ya jimbo, kama shambulio au uzembe, kuna taarifa ya kutanguliza: siku 90 kwa miji na kaunti za New York, miezi 6 California.

Aliyekuumiza akiwa ofisa wa shirikisho, Kifungu cha 1983 hakikusaidii. Kilitungwa kwa ajili ya mamlaka ya majimbo. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ilimruhusu Webster Bivens wa Brooklyn kuwadai fidia maofisa wa shirikisho walioingia nyumbani kwake bila hati, lakini tangu 1980 mahakama hiyo hiyo imekataa kila ilipoombwa kupanua njia hiyo. Uamuzi wa 2022 kuhusu ofisa wa doria ya mpakani ulibakiza ufa mwembamba sana. Kwa maoni yangu hili ni pengo la aibu: ofisa mwenye mamlaka makubwa zaidi ndiye mgumu zaidi kufikiwa.

Kinachobaki mara nyingi ni sheria ya 1946 ya madai ya madhara dhidi ya serikali ya shirikisho. Hapo huwezi kudai haki ya kikatiba. Unaidai nchi yenyewe, kwa sheria ya madhara ya jimbo ambamo tukio lilitokea: kushambuliwa, kukamatwa isivyo halali, uzembe. Huwezi kumshtaki ofisa, hupati jopo la raia, wala fidia ya kumwadhibu mkosaji. Na huanzii mahakamani. Unaanza na madai ya maandishi kwa idara husika, kwa kawaida Fomu SF-95, ndani ya miaka 2.

Fomu hiyo ni fupi, na mahali inapowaangusha watu ni sanduku la 12. Ndani yake kuna nafasi nne: mali, majeraha ya mwili, kifo, na 12d, ambayo ni jumla. Jumla hiyo iandikwe kama kiasi kimoja kamili cha dola. Usiandike “itajulikana baadaye,” wala “zaidi ya dola 50,000,” wala “kama mahakama itakavyoona.” Fomu yenyewe inaonya kwamba kutotaja kiasi kunaweza kukupotezea haki. Na kiasi hicho ndicho dari yako baadaye, isipokuwa upate ushahidi mpya ambao usingeweza kuujua siku ile, basi hesabu matibabu yajayo kabla ya kujaza. Fomu ifike kwenye idara ndani ya muda; kuiposti siku ya mwisho hakutoshi. Idara ina miezi 6 ya kujibu. Ikikataa kwa barua, una miezi 6 ya kwenda mahakamani, ikihesabiwa tangu barua ilipotumwa, si ulipoifungua. Tunza bahasha.

Hata hivyo, njia hii si kazi bure. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu, majaji wote wakikubaliana, ilirudisha hai sehemu ya kesi ya familia ya Atlanta ambayo FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, ilivamia nyumba yao kwa kukosea anwani. Mahakama ya chini ilikuwa imesema ukuu wa sheria ya shirikisho unaikinga serikali na madai ya namna hiyo. Hoja hiyo ikatupwa.

Pagumu kweli ni pale serikali mbili zinapofanya kazi chumba kimoja. Kanuni ya msingi ni ya 1997, kesi ya sherifu Jay Printz wa Montana: Washington, yaani serikali ya shirikisho, haiwezi kuwaamuru maofisa wa jimbo au kaunti watekeleze programu yake. Inaweza kuwaomba, na inaweza kuwashawishi kwa fedha mpaka kiwango fulani. Ndiyo maana karatasi ya uhamiaji inayomtaka mkuu wa jela ya kaunti amshikilie mtu hadi saa 48 zaidi, Fomu I-247A, ni ombi. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Philadelphia ilisema hivyo wazi mwaka 2014. Matokeo yake ni makubwa: kaunti ikikubali ombi hilo, saa zile 48 ni kitendo cha kaunti yenyewe, na Kifungu cha 1983 kinarudi mezani. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya Massachusetts ilikwenda mbali zaidi, ikasema sheria ya jimbo hilo haiwapi maofisa wake uwezo wowote wa kumshikilia mtu kwa ombi hilo peke yake.

Kaunti ikiwa na mkataba wa 287(g) na idara ya uhamiaji ya shirikisho, hali inageuka tena. Chini ya mkataba huo, maofisa wa kaunti waliofunzwa hufanya kazi ya uhamiaji, na sheria inawahesabu kuwa wanatenda kwa mamlaka ya shirikisho katika suala la dhima yao. Sare ile ile, gari lile lile, mlango tofauti. Kwa hiyo andika mapema jina la idara iliyoandikwa kwenye sare, namba ya beji, na nani alitia saini karatasi uliyoonyeshwa. I-200, hati ya utawala ya kumkamata mtu, inatiwa saini na ofisa wa uhamiaji, si jaji.

Neno la mwisho kwa mawakili vijana. Katiba ya shirikisho ni sakafu. Jimbo linaweza kujenga juu yake, na mengi yamejenga: California inawalinda watu wanaokusanya saini ndani ya maduka makubwa ya binafsi, haki ambayo Katiba ya shirikisho haiwapi, na Mahakama ya Juu iliridhia hilo 1980. Lakini tangu mwaka 1983 uamuzi wa mahakama ya jimbo uliochanganya sheria ya jimbo na ya shirikisho bila kusema wazi kwamba umeegemea katiba ya jimbo pekee huchukuliwa kuwa umeegemea sheria ya shirikisho, na Mahakama ya Juu inaweza kuupindua. Taja ibara ya katiba ya jimbo kwenye ombi lako la kwanza kabisa, katika aya yake yenyewe, na umwombe jaji aiamue kando. Ukiikumbuka kwenye rufaa, mara nyingi umechelewa.