Mashine haisemi ni kifaa gani kimekufa

Hapa Goma, taa ya njano ya injini ikiwaka, fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu, husoma namba P0171, na papo hapo mwenye gari anatumwa kununua sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa injini. Inaniuma kuona pesa zikipotea hivyo. Namba hiyo inasema tu kwamba injini inapata hewa nyingi mno ikilinganishwa na petroli. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa, na mara nyingi ni nzima.

Anza na mpira wa hewa kati ya filta na injini: ukunje kwa vidole, utazame ndani ya mikunjo kama umepasuka. Halafu sensa ya kupimia hewa, ambayo vumbi la barabara zetu huichafua. Presha ya petroli nayo ipimwe. Kuchomoa betri kunafuta namba tu. Ufa ukiwapo, taa itawaka tena.