Jioni Tunayoipigia Kura Uasin Gishu

Kila mwaka, mwezi wa Novemba, nafika sinagogi saa nzima kabla ya vijana. Nabandua ramani ya Israeli iliyo kwenye ukuta wa chumba chetu, nabandika ramani ya Kenya mahali pake, kisha nakaa kusubiri. Wanaingia na makoti yao mazito, wanakimbilia pizza, wanaulizana habari za mitihani. Mwaka wa kwanza zilipita karibu dakika ishirini kabla msichana mmoja hajainua macho na kuuliza, "Hapa ni wapi?"

Kazi yangu ni kulea kikundi cha vijana wa Kiyahudi wa miaka 13 hadi 17 hapa Toronto. Mimi nilizaliwa Nairobi na kukulia huko, na nyumbani kwetu bado tunaongea Kiswahili. Marafiki zangu wa Kenya, hasa wale wanaolea vijana makanisani na misikitini, huniuliza swali moja kila tunapoonana: mtoto aliyezaliwa Kanada, na baba yake akazaliwa Kanada, unamfungamanisha vipi na nchi ambayo wazee wake wameiota kwa karibu miaka elfu mbili? Leo nataka kulijibu kwa kirefu.

Niseme kwanza kwamba bendera haitoshi. Mpe kijana wa miaka 15 bendera aipeperushe, ataipeperusha, ataiweka mezani, atarudi kwenye simu yake. Nyimbo na vyakula navyo vina raha yake na sisi tunaimba na kula sana, ila mwisho wa jioni kila kitu kimebaki pale pale. Mpe badala yake swali lililowatoa watu wazima machozi hadharani. Hilo atalala nalo.

Swali lenyewe ni la mwaka 1903. Mwezi wa Aprili mwaka huo, siku za Pasaka, Wayahudi 49 waliuawa katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya dola ya Urusi na leo ni mji mkuu wa Moldova. Nyumba na maduka yakaporwa kwa mamia. Wakati huohuo Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa ametoka kusafiri Afrika Mashariki, akapanda reli mpya ya kutoka Mombasa na kuziona nyanda za juu zenye baridi. Akamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Kizayuni, iliyowatafutia Wayahudi nchi yao, kwamba Wayahudi wangeweza kupewa ardhi huko. Ardhi iliyokuja kutajwa ni uwanda wa Uasin Gishu, maili za mraba kama 5,000. Vitabu vingi vinaliita jambo hili "mpango wa Uganda" kwa sababu eneo hilo lilikuwa limehesabiwa upande wa Uganda hadi 1902. Ukweli ni kwamba panapozungumzwa ni palepale Eldoret ilipo leo. Nikiwa mdogo tulipita huko kwa basi tukielekea magharibi, ngano pande zote mbili za barabara, na baba akasema, "Hapa nusura pawe kwetu." Sikumwelewa.

Agosti 1903 Herzl aliwasilisha pendekezo hilo mbele ya mkutano wa sita wa Kizayuni mjini Basel. Kura iliyopigwa ilikuwa ya kupeleka wachunguzi tu, na wala haikuwa ya kukubali ardhi, lakini ukumbi uligawanyika: 295 waliunga mkono, 178 wakakataa. Wajumbe wengi wa Urusi waliopinga walitoka nje, wengine wakaketi chini wakilia kama watu walio matangani. Ninachotaka vijana wakione ni hiki: wajumbe wa Kishinev, waliokuwa wamezika watu wao miezi minne tu nyuma, walikuwa miongoni mwa waliokataa.

Sasa tunarudi chumbani. Nagawa kadi. Kila kadi ina mtu na mambo machache kumhusu: Herzl mwenyewe, mwenzake Max Nordau, aliyetetea mpango kwa kuuita malazi ya usiku, yaani mahali pa kujisitiri hadi kupambazuke, mama wa Odessa mwenye watoto watano, mjumbe wa Kishinev, mlowezi wa Kiingereza wa Nairobi, kwa maana hao nao walipiga kelele kuupinga, Lord Delamere akiwa mbele. Wana dakika kumi za kujiandaa, halafu kila mmoja anasimama na kusema kwa nafsi ya kwanza.

Mwaka jana kadi ya Kishinev ilimwangukia msichana mpole ambaye kwa miezi mitatu hakuwa amesema zaidi ya "sijui". Aliishika kwa mikono miwili. Akasema, "Mnaniambia nipokee nyumba kwa sababu yangu imevunjwa. Mimi sikuwahi kuomba nyumba yoyote. Niliomba kurudi." Akaketi. Kijana aliyekuwa Nordau akamgeukia na kumuuliza kwa ukali, "Na watoto watakaouawa kabla hujarudi?" Chumba kikanyamaza kabisa. Hakuna somo langu lolote la ubaoni lililowahi kuwafikisha hapo. Ndani ya dakika moja walikuwa wamezigusa nguzo mbili za suala zima, kimbilio na asili, na kuona kwamba zinaweza kuvutana.

Mara ya kwanza nilipoiendesha jioni hii nilifanya kosa ambalo bado linaniuma, mimi Mkenya. Sikuandaa kadi ya mtu yeyote aliyekuwa anaishi Uasin Gishu. Msichana yule aliyeuliza "Hapa ni wapi?" akauliza tena mwishoni, "Na walioishi hapo, nani aliwauliza?" Hakuna aliyewauliza. Jina lenyewe la uwanda ni la Wamasai waliowahi kulisha ng'ombe wao pale, na Wanandi walikuwa vitani na Waingereza tangu miaka ya 1890. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, alipigwa risasi alipokwenda kwenye mazungumzo ya amani. Tangu mwaka uliofuata kadi ya mzee wa Kinandi ipo, na yeye ndiye anayezungumza kabla ya kura.

Swali hilo halikomei Eldoret. Kijana yeyote mwenye akili huligeuza palepale: na Palestina je, nako kulikuwa na watu? Walikuwepo, na wapo. Vijana hawa wana simu, waliona ya Oktoba 7, 2023, na waliona vita vya Gaza vilivyofuata. Wengine wana jamaa huko, wengine wana rafiki Mpalestina darasani. Najua walezi wanaofunga mlango hapo kwa kuogopa wazazi. Mimi naona kufunga mlango ndiyo njia ya haraka ya kumpoteza kijana, kwa sababu atakwenda kuuliza kwingine na atajua kwamba sisi tuliogopa. Kwetu swali hujibiwa jioni ileile, na likinishinda tunatafuta cha kusoma pamoja wiki inayofuata. Nafanya hivyo nikiwa naipenda nchi ile kwa moyo wangu wote, na vijana wanalijua hilo.

Baada ya hotuba wanapiga kura yao. Kuna miaka wamekubali, kuna miaka wamekataa. Kisha nawaeleza yaliyotokea. Mkutano ule wa Basel Herzl aliufunga kwa kuinua mkono wa kulia na kutamka maneno ya Zaburi ya 137, "Nikikusahau, Ee Yerusalemu, mkono wangu wa kuume na usahau." Alikufa Julai 1904, akiwa na miaka 44. Wachunguzi watatu walifika uwandani mapema 1905, na mkutano wa saba ukalikataa pendekezo mwaka huohuo. Miaka michache baadaye Makaburu kutoka Afrika Kusini walihamia uwanda uleule na magari yao ya ng'ombe.

Siku ya kura huwa sichagui ovyo. Lazima iwe kabla ya tarehe 4 Desemba, kwa sababu wiki inayofuata tunazungumzia mvua.

Katika sala zetu za kila siku kuna ombi la mvua linaloingia msimu wake ukifika. Waliotafsiri Torati kwa Kiswahili walipokutana na mvua mbili za nchi ile waliziita masika na vuli, na mimi kila nikisoma hapo naona kama nchi zangu mbili zimepeana mkono. Huko Israeli ombi huanza tarehe 7 ya mwezi wa Heshvani wa kalenda ya Kiyahudi, siku kumi na tano baada ya sikukuu ya vibanda. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria zetu, inatoa sababu: ili msafiri wa mwisho aliyekwenda kuhiji Yerusalemu afike mto Frati kabla hajalowa. Sisi tulio nje tunaanza usiku wa tarehe 4 Desemba, au 5 miaka mingine, kwa desturi iliyotoka Babeli.

Kwa hiyo nabandika utepe sakafuni kutoka Yerusalemu hadi Frati, hatua kumi na tano, hatua moja kwa siku. Wanatembea wote. Mmoja anasimama pembeni na chupa ya kunyunyizia maua, na haruhusiwi kuibonyeza mpaka wa mwisho avuke. Wa mwisho ni mdogo kuliko wote, na anatembea polepole makusudi huku wenzake wakimsihi afanye haraka. Nje theluji imeanza. Wanapofungua vitabu vya sala, ombi walilolisoma kwa kukariri tangu utotoni limepata mtu ndani yake, mwenye miguu iliyochoka na mzigo usiotakiwa kulowa.

Safari zenyewe za kwenda huko, matembezi ya jangwani na kulala kwenye mahema, huja baadaye, na wengi wenu mnajua zinavyokuwa. Nitaziandikia siku nyingine.

Yule msichana wa kadi ya Kishinev alimaliza shule na kwenda kusoma Yerusalemu mwaka mmoja. Majira ya vuli akanitumia picha ya dirisha la chumba chake, kioo kimejaa matone, bila neno hata moja. Ilikuwa mapema Novemba. Sisi huku tulikuwa bado hatujaanza kuiomba.