Je, wajua kwa nini aliyefunga pointi 22 anaweza kuandikiwa −11 na timu yake ikashinda?

Takwimu za mechi ya NBL, ligi kuu ya kikapu ya Ucheki, ni msururu wa majina na safu za namba. Nyingi zinasomeka hata kwa asiyejua Kicheki: body ni pointi, doskoky ni ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa), asistence ni pasi zilizozaa kikapu. Mpira uliopokonya huitwa zisk na uliopoteza huitwa ztráta, maneno yaleyale ya faida na hasara ambayo mfanyabiashara wa Praha huyaandika kwenye daftari lake. Halafu kuna safu ya +/−, na hapo ndipo wengi hukwama. Mfungaji bora wa timu iliyoshinda ana −11, na aliyetoka benchi akafunga pointi 3 ana +19. Namba zote mbili ni sahihi.

Kosa lililozoeleka ni kuisoma safu hiyo kama maksi, kana kwamba kuna mtu anayekaa kando akiongeza kwa kila jema na kupunguza kwa kila baya. Hakuna. Wengine hudhani ni pointi ulizofunga, utoe alizofunga yule uliyemkaba. Hilo haliwezekani, kwa sababu karatasi hiyo haiandiki popote nani alimkaba nani.

Wapo pia wanaoichanganya na safu ya ufanisi, ambayo mara nyingi hukaa jirani yake. Ufanisi, kwa hesabu ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, unajumlisha pointi, ribaundi, pasi za kikapu, mipira uliyopokonya na mitupo uliyozuia, kisha unaondoa mitupo uliyokosa, mitupo huru (ile ya baada ya faulo) uliyokosa na mipira uliyopoteza. Mwenye pointi 22, ribaundi 4, pasi 2 na mpira 1 wa kupokonya ana 29. Kama alikosa mitupo 9 na mtupo huru 1, akapoteza mipira 3, toa 13, zinabaki 16. Kila tarakimu hapo imetoka mikononi mwake. Katika +/− hakuna hata moja iliyo yake peke yake.

Fikiria kituo cha mafuta. Anayeingia zamu anasoma mita ya pampu na kuandika namba. Anapotoka anasoma tena, na tofauti ndiyo inayoandikwa kwenye jina lake. Mita haijui nani alishika bomba, nani alipokea hela, nani alikuwa kwenye simu. Katika kikapu mita ni tofauti ya matokeo kati ya timu mbili, nayo hupanda na kushuka. Tena wako watano kwenye zamu moja, na wote wanasoma mita ileile.

Tuchukue mechi ya kubuni iliyoisha 84–76. Mfungaji wetu anaanza 0–0 na kutoka timu ikiwa nyuma 16–20: −4. Mwenzake wa benchi anachukua nafasi hadi 31–29, yaani kutoka −4 hadi +2: anapata +6. Mfungaji anarudi, anaondoka kwenye 48–51: −5. Wa benchi anaingia tena, na hadi anatoka ni 70–60: +13. Mfungaji anamalizia hadi 84–76, uongozi ukishuka kutoka 10 hadi 8: −2. Jumlisha: mfungaji −11, wa benchi +19. Pointi 22 ziliingia kweli, ila wakati zikiingia, upande wa pili uliingiza nyingi zaidi.

Sasa angalia: −11 na +19 ni +8, ambayo ndiyo tofauti ya 84 na 76. Si bahati. Hao wawili walikalia kiti kimoja kwa dakika zote 40, na kiti lazima kisomeke sawa na mechi. Viti ni vitano, kwa hiyo jumla ya safu nzima ni tofauti ya matokeo mara 5: +40 kwa washindi, −40 kwa walioshindwa. Ucheki ilipoifunga Kanada 103–101 katika muda wa ziada mjini Victoria, Kanada, Julai 2021, kwenye safari ya kufuzu Olimpiki ya Tokyo, kikosi kizima kilikuwa na +10 tu ya kugawana. Kinyume chake ni Nymburk, klabu ya mji mdogo kando ya mto Labe iliyoitawala ligi ya Ucheki tangu 2004. Ikishinda kwa 30, kuna +150 mezani, na hata aliyepita uwanjani kwa muda mfupi anaweza kuondoka na namba nono. Ndiyo maana +12 ya Nymburk si lazima ipite +4 ya timu iliyopenya kwa pointi 2.

Wacheki wenyewe waliizoea alama hii kwanza kwenye hoki ya barafu, ambako NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, iliifanya takwimu rasmi msimu wa 1967–68. Huko bao lililofungwa kwa sababu wapinzani wana mtu aliyeadhibiwa nje halimpi mfungaji na wenzake alama ya kuongeza. Kikapu hakichagui: hata mtupo huru unahesabiwa.

Je, namba hiyo inatuambia mchezaji ni mzuri? Kwa mechi moja, kidogo sana. Mitupo mitatu ya pointi tatu ya wapinzani ikiingia mfululizo, watano walioko ndani wanapata −9 kila mmoja, awe alikaba vizuri au la. Na wawili wanaoingia na kutoka pamoja watakuwa na namba moja. Hakuna namna ya kuwatenganisha mpaka kocha awachezeshe mbalimbali, na kwa mechi nyingi.

Namba inaweza pia kuharibika kwenye meza ya wanaorekodi takwimu. Kwa kawaida mmoja huita matukio na mwingine huyabonyeza kwenye kompyuta. Mabadiliko ya mchezaji yakichelewa kubonyezwa hadi kikapu kimeshaingia, alama inakwenda kwa aliyekwisha kukaa benchi. Cha ajabu, jumla bado itatoka mara 5 sawasawa, kwa kuwa viti vimebaki vitano, hivyo kujumlisha hakulifichui kosa hilo. Jumla ikikataa, tafuta kwanza kipindi ambacho mfumo ulihesabu wanne au sita uwanjani. Huenda wanne walikuwa kweli: kwa sheria za FIBA faulo 5 zinakutoa, na benchi likiisha timu inaruhusiwa kuendelea na pungufu, mradi wasibaki chini ya wawili.