Kuwa chini ya neema si ruhusa ya kutenda dhambi

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba, kwa kuwa Warumi 6:14 inasema hatuko chini ya sheria bali chini ya neema, mwenendo wa mtu aliyeokoka hauna uzito tena mbele za Mungu. Dhana hii si ngeni. Mtume Paulo mwenyewe alisingiziwa kuifundisha, naye analalamika waziwazi juu ya uzushi huo katika Warumi 3:8.

Mstari huo wa 14 unaanza kwa kusema kwamba dhambi haitawatawala waamini, na neema imetajwa kuwa ndiyo sababu. Kwa hiyo anayeutumia kuhalalisha uzinzi au dhuluma ameugeuza kabisa, kwa maana kinachoahidiwa pale ni kuvunjwa kwa utawala wa dhambi, wala si kufutwa kwa adhabu pekee huku utawala wenyewe ukiachwa uendelee. Paulo aliwaandikia watu wa Rumi, mji uliojaa watumwa, ambako kila msikilizaji alijua maana ya kuwa mali ya bwana fulani. Ndiyo maana katika mstari wa 18 anasema kwamba waliowekwa huru mbali na dhambi wamekuwa watumwa wa haki.

Hii haina maana kwamba aliyeokoka hakosei kamwe, kwani 1 Yohana 1:8 inakanusha hilo. Lakini Zakayo, mtoza ushuru tajiri anayetajwa katika Luka 19, alipompokea Yesu nyumbani kwake, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya, na hakuna aliyemwambia kwamba neema imemwondolea deni hilo.