Fundi wa fremu: maana yake, na jinsi ya kuisoma ramani ya mafundi wa Marekani

Kama kuna Phoenix au Raleigh ya zamani karibu nawe, isogelee uitazame pale mbele, mahali ambapo bomba la juu na bomba la chini hukutana na bomba fupi linaloshika usukani. Chini ya rangi utaona kitu kama soksi ya chuma iliyovalishwa kwenye ncha ya kila bomba, yenye kingo zilizochongwa. Soksi hiyo huitwa lagi. Pale hapakuchomelewa kama geti la nyumba. Ncha za mabomba ziliingizwa ndani ya lagi, zikapashwa moto, na lehemu ya shaba ikayeyuka ikajaa katikati. Ndiyo maana fremu za namna hiyo hubeba magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi miaka nenda rudi bila kuachia.

Fremu ya Phoenix hutoka kiwandani, maelfu kwa maelfu, saizi moja kwa watu wote. Sasa chukua kazi hiyohiyo uiweke mikononi mwa mtu mmoja, kwenye chumba cha ukubwa wa gereji, akimtengenezea mteja mmoja ambaye amempima urefu wa miguu, kiwiliwili na mikono. Huyo ndiye anayeitwa fundi wa fremu, na kazi yake ndiyo fremu ya mkono. Tofauti yake na ya kiwandani ni ileile ya nguo ya kushonesha na nguo ya kununua dukani. Ya dukani inaweza kuwa nzuri sana. Ya kushonesha imekatwa kwa mwili wako.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba fundi wa fremu hatengenezi baiskeli nzima, na hata chuma chake hununua. Mafundi wa Marekani wa miaka ya 1970, ambao ndio hasa watu huwaita wa kale au wa asili, waliagiza mabomba kwa Reynolds wa Birmingham, Uingereza, au Columbus wa Milano, Italia. Lagi nyingi zilitoka Ufaransa na Italia. Gia na breki, mteja mwenye uwezo alitaka Campagnolo ya Vicenza. Kilichokuwa cha Marekani hapo ni mikono na macho: vipimo, pembe za mabomba, na namna viungo vilivyofungwa. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisifu fremu ya Kimarekani ya 1975, anamsifu mtu aliyeiunda. Chuma chenyewe kilivuka bahari.

Tuikaribie kazi yenyewe, kwa sababu bila kuiona dhana hii hubaki hewani. Bomba zuri la fremu si nene sawasawa. Ncha zake, pale litakapopata moto, zina unene wa milimita 0.9 hivi, na katikati linapungua hadi 0.6. Fundi hulibana kwenye jiliwa, analikata, kisha anachukua tupa na kuuchonga mdomo wake mpaka ulalie mgongo wa bomba la pili bila mwanga kupenya. Lagi nayo huipitia kwa tupa ndogo, akizipunguza kingo mpaka ziwe nyembamba kama ukingo wa jani. Anasafisha kila kitu, anapaka dawa ya kulehemia ambayo huonekana kama uji mweupe, anaingiza mabomba, anafunga fremu kwenye kifaa cha kuishikilia isipinde.

Halafu moto. Lehemu ya shaba huhitaji joto karibu nyuzi 900, chuma kikiwa chekundu kabisa. Lehemu yenye madini ya fedha ndani yake huyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi, chuma kikiwa kimeanza tu kupata wekundu hafifu, na ndiyo maana mafundi wengi waliipenda kwa mabomba membamba. Dawa hububujika, kisha hutulia na kuwa angavu kama kioo. Hapo fundi hugusisha uzi wa lehemu ukingoni mwa lagi, na lehemu huvutwa ndani yenyewe, ikaifuata ile nafasi finyu kama unywele kuelekea kwenye joto. Fundi haisukumi, huiongoza kwa mwali. Akikawia, chuma kinaungua. Akiwahi kuuondoa mwali, sehemu ya kiungo inabaki tupu, na hakuna atakayeiona kwa sababu rangi itaifunika. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha neno lenyewe: fundi wa fremu ni mtu unayemwamini kwa kitu usichoweza kukiona.

Sasa ramani. Watu wanaopenda fremu hizi huchora ramani ya Marekani na kuweka nukta kila mahali palipokuwa na fundi. Nukta zinajaa Connecticut na Massachusetts, zinajaa tena kuzunguka ghuba ya San Francisco, kusini mwa California, Seattle, Portland, na kuna mkusanyiko wa zamani Chicago na Wisconsin. Ukiitazama ramani hiyo kama orodha ya anwani haikuambii mengi. Inaanza kusema pale unapochora mistari kati ya nukta: nani alimfundisha nani. Ufundi huu, kama elimu ya tariqa, una silsila. Na ramani nzuri ya mafundi wa fremu kwa kweli ni silsila iliyotandazwa juu ya nchi.

Mstari ninaoupenda kuliko yote unaanzia Chicago. Emil Wastyn alikuwa mhamiaji kutoka Ubelgiji aliyeunda baiskeli za waendeshaji wa mashindano ya siku 6, yale yaliyokuwa yakijaza kumbi kubwa za mbio kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1938 kampuni ya Schwinn ilipotaka baiskeli ya mbio ya kuvunja rekodi, ilimwendea yeye, na hapo ikazaliwa Paramount. Tarehe 17 Mei 1941, Mfaransa Alfred Letourner alipanda Paramount karibu na Bakersfield, California, nyuma ya gari lililomkinga na upepo, akafikia maili 108.92 kwa saa, yaani kilomita 175 na ushee. Fremu za Paramount ziliendelea kuundwa na familia ya Wastyn hadi katikati ya miaka ya 1950, Schwinn ilipoihamishia kazi hiyo kiwandani kwake.

Kwa Oscar, mwana wa Emil, alipita na kujifunza kijana aitwaye Albert Eisentraut. Eisentraut baadaye alihamia Oakland, California, na huko alifanya jambo ambalo mafundi wengi wa zamani hawakulifanya: alifungua milango na kufundisha. Kabla ya hapo siri za moto zilikaa ndani ya karakana, baba akampa mwanawe. Eisentraut alifundisha darasani, watu wasio jamaa zake. Bruce Gordon, aliyekuja kujulikana Petaluma, alipita kwake. Mark Nobilette, ambaye nukta zake ziko Michigan na baadaye Colorado, vilevile. Na mwaka 1974 alipita kijana wa Marin aitwaye Joe Breeze.

Breeze na wenzake walikuwa na mchezo wao kwenye mlima Tamalpais, kaskazini mwa San Francisco. Walichukua baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi mapana, wakashuka nazo njia za vumbi kwa kasi. Moja ya njia hizo iliitwa Repack, kwa kuwa breki ya nyuma ilipata moto mpaka grisi ikatoka moshi, na ilibidi ipakiwe grisi upya baada ya kushuka. Fremu kuukuu hazikuhimili. Mwaka 1977 Breeze akakaa na mabomba mapya ya chuma bora, akatumia aliyojifunza kwa Eisentraut, akaunda fremu ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, ikiwa na mabomba mawili membamba ya ziada yaliyotoka mbele hadi nyuma kuipa nguvu. Baiskeli hiyo, Breezer namba 1, leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Miaka miwili baadaye Tom Ritchey, fundi wa Palo Alto aliyekuwa ameanza kuunda fremu akiwa bado mvulana, alikuwa akiunda fremu za milimani ambazo Gary Fisher na Charlie Kelly waliziuza.

Hebu fuata mstari huo kwa kidole. Mbelgiji wa Chicago, mwanawe, mwanafunzi wa mwanawe huko Oakland, mwanafunzi wa mwanafunzi huko Marin. Mwisho wake ni baiskeli ya usukani ulionyooka na matairi mapana, na ukichungulia nje sasa hivi, Dar es Salaam au Kisumu au Bujumbura, yumkini utaona moja ikipita. Bila kuchora mistari usingejua kwamba ina babu aliyeunda baiskeli za mbio za ukumbini.

Mstari wa pili unavuka bahari. Mapema miaka ya 1970 Wamarekani walishikwa na shauku ya baiskeli, mauzo yakaruka kutoka karibu milioni 7 mwaka 1970 hadi milioni 15 hivi mwaka 1973. Vijana waliotaka kujifunza kuunda fremu, na hawakuwa karibu na Oakland, hawakuwa na pa kwenda nyumbani. Richard Sachs alikwenda Deptford, London, kwenye karakana ya Witcomb. Ben Serotta na Peter Weigle walipita hapohapo. Waliporudi, Serotta alijenga jina lake Saratoga Springs, New York, na Sachs na Weigle walikaa Connecticut, ambako Witcomb ilikuwa na tawi. Sachs alianza kuweka jina lake mwenyewe kwenye fremu mwaka 1975. Ndiyo sababu kona ile ndogo ya Connecticut ina nukta nyingi kuliko ukubwa wake: mzizi uko kusini mwa mto Thames.

Mstari wa tatu ni wa Italia. Mwaka 1973 jina la Masi, la mafundi wa Milano, lilifunguliwa karakana Carlsbad, kusini mwa California. Aliyeletwa kuongoza kazi ni Mario Confente. Baadaye aliondoka akaanza kuunda kwa jina lake, zikafika fremu mia moja na ushee tu, na mwaka 1979 akafariki angali kijana. Wanaozijua fremu zake huzizungumzia kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja hati iliyoandikwa kwa mkono. Brian Baylis alipita Carlsbad, na alikuwa mtu wa tupa kweli, lagi zake zimechongwa kama nakshi za mlango. Mwingereza Dave Moulton naye aliunda fremu za Masi huko California kabla ya kuanzisha fremu zake za Fuso. Karakana moja, na kusini yote ya California ikapata mafundi.

Kaskazini, Seattle na Portland, nukta ni nyingi lakini mistari ni mifupi. Huko wengi walijifunza kwa kujaribu na kuharibu.

Mpaka wa dhana hii uko wapi basi? Hapa watu hubishana, na mimi nina msimamo. Neno "mkono" peke yake halitoshi. Trek ilianza mwaka 1976 katika ghala jekundu mjini Waterloo, Wisconsin, watu 5 wakilehemu fremu za chuma kwa mikono yao. Kazi safi kabisa. Lakini mteja hakupimwa, na fremu ilibeba jina la kampuni, si la mtu. Kwa hiyo kwenye ramani yangu Trek ni jirani, haimo ndani ya nyumba. Kipimo changu ni hiki: je, yupo mtu mmoja anayejibu kwa fremu nzima, tangu kipimo cha kwanza hadi moto wa mwisho? Rangi haihesabiki, wengi waliwaachia wapaka rangi maalumu, na hilo halikuwapunguzia kitu.

Neno "wa kale" nalo lina mpaka wake wa wakati, na kawaida huwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Lagi ziliachwa na wengi, mabomba yakachomelewa moja kwa moja, ikaja alumini, ikaja titani, ikaja kaboni. Mafundi hawakuisha. Mwaka 1981 ilianzishwa shule mjini Ashland, Oregon, iitwayo United Bicycle Institute, iliyokuja kuwa na kozi ambayo mwanafunzi alikaa wiki mbili na kuondoka na fremu aliyoiunda mwenyewe. Mwaka 2005 Don Walker aliitisha Houston maonyesho ya baiskeli za mkono za Amerika Kaskazini, na kwa miaka iliyofuata wazee wa lagi na vijana wa titani walisimama meza kwa meza.

Upande mwingine wa ramani, nukta zinazimika. Baylis alifariki 2016, Gordon 2019. Mwaka 2023 ilifungwa karakana ya Waterford, Wisconsin, iliyoanzishwa 1993 na Richard Schwinn mahali palepale Paramount za mwisho za chuma zilipokuwa zikiundwa.

Ukikutana na fremu ya namna hii isiyo na jina, igeuze juu chini. Chini ya kibweta cha pedali, yaani lile bomba fupi linaloshika mhimili wa pedali, mahali panapokusanya tope, kwa kawaida fundi amegonga namba, na mara nyingine herufi za jina lake. Futa tope kwa kitambaa, usitumie msasa. Kisha tazama ndani ya kibweta hicho kwa tochi: ukiona lehemu imejitokeza kama mstari mwembamba usiokatika kuzunguka kila bomba, basi hapo kwenye kibweta iliingia vizuri.