Pafyumu inaisha adhuhuri, udi unafika usiku

Juzi dada mmoja muuza manukato hapa Chake Chake kaniuliza, kwa nini pafyumu yake ya kupuliza inanukia vizuri asubuhi halafu ikifika adhuhuri hamna kitu, lakini mafuta ya udi anayopewa na bibi yake akijipaka, hata usiku bado yapo. Mie kazi yangu kemia, nikamwambia lete mikono yote miwili.

Mkono mmoja nikamtia tone la spiriti nikalisambaza, wa pili tone la mafuta ya karafuu. Akashtuka, ati spiriti imetoka kwenye friji? Wala, ilikuwa mezani tangu asubuhi, ila spiriti haigeuki mvuke bila kuchukua joto na hapo imelichukua kwenye ngozi yake. Mara mkono mkavu. Wa karafuu bado unang'ara.

Wengi wanadhani ni uzito tu, chepesi kinaruka kizito kinabaki, na kweli uzito una sehemu yake, mana eujenoli, ambayo ndo nyingi kwenye mafuta ya karafuu, molekuli yake, yaani chembe yake moja, ina uzito wa 164 kwa kipimo cha kikemia na inachemka nyuzi 254 hivi. Lakini sasa tazama maji! Molekuli ya maji 18 tu, ya asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, ni 58, na bado asetoni inachemka nyuzi 56, maji mpaka 100. Maji yameshikana: haidrojeni ya molekuli hii inavutwa na oksijeni ya jirani yake, kila moja imeng'ang'ania wenzake, kuchomoka hapo kunataka nguvu. Asetoni kwa asetoni hazishikani hivo, zinaachana upesi.

Hewa nayo ina mchango. Masika nguo inashinda kambani na jioni bado mbichi sababu hewa imeshajaa mvuke wa maji, molekuli za maji zinazotoka kwenye nguo na zinazorudi zinakaribia kulingana, lakini spiriti inakauka kama kawaida kwa kuwa mvuke wake haumo hewani.

Basi pafyumu ya kupuliza nyingi yake ni alkoholi, kama ile spiriti, inaondoka kwanza kisha harufu nyepesi zinafuata, ila udi molekuli zake kubwa na zinatoka chache chache, pua inazipata kutwa nzima. Nikamshauri pafyumu aipulize na kwenye nguo, haina joto kama ngozi, itachelewa kidogo.